Mafuta ya Kondoa na Bahari Yetu



Mtu atauliza: Dodoma na Pemba, wapi na wapi? Nyanda za Ugogo na Urangi hazina bahari wala mkarafuu. Lakini njia ya mafuta imetuunganisha, na yafaa mkulima ajue khatari yake hupimwaje, asitishwe na uvumi wala asijisahau.

Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, ambalo uamuzi wa mwisho wa kuligharimia ulitolewa Februari 2022, limepangwa kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, yaani kilomita 1,443. Katika hizo, 1,147 zimo Tanzania. Njia yake hupita Chemba na Kondoa, mkoani Dodoma, na mwisho wake hutazamana na Pemba.

Kupima khatari ni kujibu maswali mawili: Jee, jambo laelekea kutokea? Na likitokea, litaharibu kiasi gani? Mwenye karafuu juani hufanya hesabu hiyo hiyo. Wingu likitanda hutazama mbingu, kisha hutazama majamvi. Aliyeanika pishi mbili hana mbio za aliyeanika mavuno yote, ijapokuwa wingu ni moja.

Tuanze Kondoa. Bomba lina upana wa inchi 24, na limekusudiwa kupitisha mapipa 216,000 kwa siku, karibu lita 24,000 kwa dakika. Kila dakika ya kuchelewa kulifunga ni hasara. Mafuta yenyewe yana nta nyingi, hata hayana budi kupashwa moto kiasi cha nyuzi 50 za Selsiasi ndipo yapite. Yakimwagika hupoa na kuganda, hayatiririki mbali kama petroli. Hiyo ni nafuu. Lakini mvua ya Dodoma ni chache, aghalabu baina ya Desemba na Aprili, na kiangazi watu huchimba maji katika mchanga wa mito mikavu. Mahala kama hapo, hata mmwagiko mdogo waweza kuharibu maji ya kijiji. Kumbe pipa moja huweza kudhuru zaidi pahala pamoja kuliko pengine.

Ajali isiyotokea mara kwa mara nayo si ya kudharauliwa. Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria ilirudi nyuma mteremkoni baina ya Igandu na Msagali, Dodoma, ikagonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Na tarehe 10 Agosti 2019, lori la petroli lilipinduka Msamvu, Morogoro, katika njia iendayo Dodoma. Watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka, wakafa zaidi ya 100. Hapo waliokufa wengi waliuawa na kusogea, si na kupinduka kwa lori. Basi elimu nayo hupunguza khatari.

Na sisi jee? Mkondo wa maji ya pwani yetu huelekea kaskazini, na kusi husukuma huko huko. Mafuta yakimwagika Tanga wakati wa kusi, yaelekea yatakwenda zaidi upande wa Kenya. Lakini meli hupita karibu nasi pia, na meli yoyote ina mafuta yake. Wakashio, iliyopanda mwamba Mauritius tarehe 25 Julai 2020, haikuwa meli ya mafuta. Hata hivyo kiasi cha tani 1,000 ziliingia baharini.

Kwa hiyo kila kijiji cha pwani kiandike sasa mali yake: mikoko iko wapi, mashamba ya mwani mangapi, wavuvi wangapi, mazalio ya samaki wapi. Daftari hilo litaonyesha pa kulinda kwanza, na litakuwa ushahidi siku ya kudai fidia. Asiye na hesabu ya mali yake jana, ataonyesha nini kesho?

Na mtu akiona mafuta baharini, asiyaguse, asiwashe moto. Amwarifu sheha mara moja. Mwenye karafuu hakusanyi majamvi mvua ikisha kunyesha.