Sura ya Sita: Tarakimu Sita Zinapochelewa

Mtu anajisajili kwenye programu mpya, anaandika namba yake ya simu, anasubiri msimbo. Kimya. Anabonyeza "Tuma tena". Mara meseji mbili zinaingia kwa mpigo, kila moja na msimbo wake, na iliyotangulia kutumwa ndiyo iliyofika mwisho. Anaandika tarakimu anazoziona juu, anaambiwa amekosea. Ukimuuliza mhandisi atakuonyesha ripoti: zote mbili "zimefika". Kweli zimefika, ila mteja keshaondoka.

Dawa ya mkasa huu ni nyepesi mno: maadamu muda wa msimbo haujaisha, "Tuma tena" irudie msimbo uleule.

Ucheleweshaji wenyewe una mizizi mirefu zaidi. SMS ya kwanza ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, salamu ya Krismasi, na utaratibu haujabadilika sana. Kituo cha meseji cha kampuni ya simu huipokea, huihifadhi, huuliza laini ya mpokeaji iko wapi, kisha hujaribu kuipeleka. Simu ikiwa imezimwa, hungoja na kujaribu tena, pengine hadi kesho yake. Salamu haiharibiki kwa kulala njiani. Msimbo wa dakika tano huoza. Kwa hiyo mtumaji makini huiwekea meseji ukomo unaolingana na uhai wa msimbo, ili kituo kiitupe badala ya kumwamsha mtu usiku wa manane.

Kabla ya kituo kuna wasambazaji, na hapa ndipo fedha huongea. Anayeuza meseji kwa bei ya kutupa mara nyingi huzipitisha njia za panya: kampuni moja huiuzia nyingine, hadi zinaishia kwenye mashine iliyojaa laini za kawaida. Mitandao ikiigundua, huzifunga. Wakati huohuo ripoti ya "imefika" inaweza kuwa imetungwa tu. Mimi siiamini ripoti hiyo. Kipimo changu ni kimoja, misimbo mingapi imeingizwa kati ya iliyotumwa, tena kwa kila mtandao peke yake.

Mtandao wenyewe usikisiwe kwa tarakimu za mwanzo. Kenya iliruhusu watu kuhama na namba zao mwaka 2011, Tanzania 2017. Na ile sifuri ya mwanzo iondolewe na programu yenyewe baada ya +255 au +254, mteja asisumbuliwe.

Kiswahili nacho kina mtego wake. Andika "usimpe mtu msimbo huu hata aking'ang'ania" kwenye programu inayopinda alama ya ritifaa, kisha nakili. Ritifaa iliyonyooka imo katika herufi za msingi za SMS. Iliyopinda haimo, na nafasi ya meseji nzima hushuka kutoka herufi 160 hadi 70. Ikizidi hapo hukatwa vipande, kila kimoja kikilipiwa na kusafiri peke yake.

Kitufe cha kurudia kiwekewe mipaka. Wapo matapeli wanaoomba misimbo kwa maelfu kwenda namba zinazowaingizia mgawo. Februari 2023 Elon Musk alidai Twitter ilipoteza dola milioni 60 kwa mwaka kwa hila hiyo. Meseji ikishindwa mara mbili, mteja apigiwe simu, sauti imsomee tarakimu polepole, kisha irudie.