Uwanja wa Msikiti si Ardhi ya Ziada

Hapa Madaba, kwenye barabara ya Songea kwenda Njombe, viwanja vinazidi kupanda thamani, na tumeulizwa: je, eneo tupu la mbele ya msikiti lafaa kuuzwa yajengwe maduka?

Tutazame kwanza Madina. Mtume (S.A.W.) aliujenga msikiti wake penye uwanja wa kuanikia tende, mali ya mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Walitaka kuutoa bure. Akakataa mpaka aulipie. Lakini sala ya Idi aliitokea nje, kwenye musalla wa wazi, yapata dhiraa 1,000 kutoka msikitini. Ummu Atiyya (R.A.) amepokea kuwa hata wenye hedhi waliamrishwa kutoka wahudhurie kheri na dua, wakijitenga na mahali pa kusalia. Bila ya uwanja, amri hii ingetekelezwa wapi? Na mwaka 11 Hijria (632) Ansari walikutana kushauriana juu ya uongozi chini ya sakifa ya Bani Saida, kivuli cha watu wa mtaa wenye kisima mashuhuri cha Budhaa.

Pwani yetu nayo ina ushahidi. Huko Shanga, kisiwani Pate, uchimbaji wa Mark Horton ulioanza 1980 ulionyesha kuwa chini ya msikiti wa mawe mlikuwa na misikiti midogo ya miti, ya mwanzo ikiwa ya karne ya 8 Miladia. Ilisimama katikati ya mji, penye eneo la wazi na kisima, na makazi yakiizunguka.

Ama hukumu, Imamu Shafii amesema msikiti ukiwatosha watu hakuna haja ya kuutoka kwa sala ya Idi. Basi ukiwa finyu, uwanja ni haja. Ardhi iliyowekwa wakfu haiuzwi, haitolewi hiba wala hairithiwi. Kwa hiyo muulizaji aanze na tamko la aliyeitoa: je, aliweka wakfu jengo tu, au eneo lote?

Tunawausia maimamu na kamati: liandikeni tamko hilo mbele ya mashahidi angali hai mwenye kutoa, na mpimishe eneo zima. Akishakufa, warithi watagombea kilichoachwa bila maandishi.

Wallahu aalam.