Kabla Hujamsafirisha Paka, Mpime



Wiki iliyopita jamaa yangu mmoja wa Kibokoni alinipigia simu. Amepata kazi huku Eldoret na anahama na watu wake. Baada ya kuuliza habari za kodi ya nyumba na baridi, akauliza swali ambalo naona ndilo lililomfanya apige simu: "Dada, nina paka watatu. Mmoja kitoto, mmoja jike la kawaida, na mmoja shume. Niwatie kwenye nini?"

Nilimwambia nitamjibu kwa maandishi, kwa kuwa si yeye peke yake anayeuliza. Watu wetu wengi siku hizi wanapanda bara, wengine kusoma Chuo Kikuu cha Moi au Chuo Kikuu cha Eldoret, wengine kikazi, wengine kuuguza. Na nyumba ya Mswahili ikihama, paka naye huhama.

Nina sababu nyingine ya kuandika. Mimi mwenyewe niliwahi kukosea katika jambo hili, na aliyelipia kosa langu si mimi.

Miaka michache iliyopita nilimleta mama yangu kutoka Mombasa aje akae nami. Mama alikubali kila kitu isipokuwa kuwaacha paka wake wawili: Kipusa, jike dogo jembamba, na Sultani, shume mwenye kichwa kama ngumi. Nilikuwa na haraka. Nikachukua katoni ya mafuta ya kupikia, nikaitoboa matundu, nikawatia wote wawili na kuifunga kwa kamba. Makanga wa basi akasema paka hawakai na abiria, akaisukuma kwenye buti pamoja na mabegi. Nami nikanyamaza, nikapanda.

Tulipofika Nakuru asubuhi nikaomba niwatazame. Makanga akaivuta katoni, na chini kukabaki chini. Mkojo ulikuwa umeilowesha usiku kucha. Kipusa alinywea pale pale, sikio limechanika, kwa kuwa walikuwa wamepigana gizani. Sultani akapita katikati ya miguu ya watu, akavuka barabara ya malori, na hatukumwona tena. Nilimtafuta mpaka dereva akapiga honi mara ya tatu. Nilipopanda, mama aliniuliza neno moja tu: "Sultani yuwapi?"

Sote tumesomeshwa chuoni Hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia mpaka akafa, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Nilikuwa nikiisikia kama habari ya mtu mwingine. Siku ile niliisikia yangu. Na sheria ya nchi nayo haiko mbali: Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inamtia hatiani mtu anayembeba au kumsafirisha mnyama kwa namna ya kumtesa bila sababu.

Basi haya ndiyo niliyojifunza baadaye, kwa kuuliza madaktari wa mifugo na kwa kujaribu mwenyewe.

Usiende dukani kabla ya kupima

Kosa la kwanza tunalofanya ni kununua kwa macho, au kwa kilo. Visanduku vingi vimeandikwa "mpaka kilo 5" au "mpaka kilo 8". Kilo zile zinakwambia kama sakafu na mpini vitahimili. Hazikwambii kama paka ataweza kugeuka.

Na paka wetu wa Pwani ndio hasa wanaokosewa kwa kipimo cha kilo. Mtazame paka wa Lamu: mwembamba, miguu mirefu, mwili umenyooka. Mtazame yule wa msitu wa Arabuko-Sokoke kule Kilifi, ambaye Wagiriama humwita khadzonzo. Paka huyu alichukuliwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na Bi Jeni Slater, akafugwa, na wengine wakapelekwa Denmark katika miaka ya 1980. Leo anatambuliwa duniani kwa jina la Sokoke. Naye ni mwepesi na mrefu. Ukimnunulia kisanduku kwa kuangalia kilo, utampa kifupi, asafiri amejikunja.

Chukua utepe wa fundi cherahani. Paka akiwa amesimama, pima vitu vinne:

1. Urefu, kutoka ncha ya pua mpaka shina la mkia. Mkia usiuhesabu.
2. Kutoka sakafuni mpaka kiwiko cha mguu wa mbele.
3. Upana wa mabega.
4. Kimo, kutoka sakafuni mpaka juu ya kichwa au ncha za masikio, palipo juu zaidi.

Kanuni zinazotumiwa na mashirika ya ndege, zile za IATA, zinahesabu hivi: urefu wa kisanduku ni kipimo cha kwanza ukiongeza nusu ya kipimo cha pili. Upana ni mabega mara mbili. Kimo ni kimo cha paka, pamoja na unene wa matandiko. Safari ya basi au gari haikulazimishi kufuata hesabu ya ndege, lakini mimi sijaona nyingine iliyo bora. Maana yake ni nyepesi: paka aweze kusimama bila kuinamisha kichwa, ageuke, na alale amejinyoosha.

Kipusa nilimpima hivi. Urefu sentimita 40, kiwiko 14, mabega 12, kimo 28. Kwa hiyo alihitaji kisanduku cha urefu wa sentimita 47, upana 24, na kimo 28 na zaidi kidogo. Visanduku vya kawaida nilivyovipima madukani vilikuwa na urefu wa karibu sentimita 48. Vilimtosha.

Sasa fanya hesabu ya shume. Urefu 50, kiwiko 18, mabega 16, kimo 34. Huyu anataka urefu wa sentimita 59, upana 32, na kimo 34 na zaidi. Kile kisanduku cha kawaida hakimfai hata akisukumwa. Anahitaji kile ambacho dukani watakwambia ni cha mbwa mdogo. Usione haya, kinunue.

Kama paka wako ni wa Kishirazi, mwenye pua iliyobonyea, ongeza sehemu moja ya kumi kwa kila kipimo. Paka hawa hupumua kwa shida kuliko wenzao, na joto la Mombasa huwaelemea haraka.

Na kitoto? Hapa watu hukosea upande wa pili. Kitoto cha kilo moja ukikitia kwenye kisanduku cha shume, kila breki ya dereva itakirusha ukutani. Lakini kununua kisanduku kidogo ambacho baada ya miezi minne hakitamtosha ni hasara. Nunua cha ukubwa wa paka mzima, kisha ujaze nafasi kwa leso au taulo zilizoviringishwa pembeni, upate kama kiota katikati. Anavyokua, unapunguza taulo.

Aina na matumizi yake

Kisanduku cha plastiki ngumu ndicho ninachokipa nafasi ya kwanza kwa safari ndefu. Chagua chenye matundu pande zote, mlango wa chuma, na sehemu ya juu inayofunguka. Paka mwenye hofu hatoki kwa mlango wa mbele, na ukimvuta atakuparura. Ukifungua juu, daktari anamfikia bila vita. Tikisa mpini dukani. Ukilegea mkononi mwako, utang'oka mkononi mwa makanga, na mzigo wa mwenziwe kwake ni kanda la sufi.

Kisanduku hiki kina faida nyingine kwetu sisi tunaosali njiani. Paka mwenyewe si najisi. Tunajua Hadithi ya Abu Qatada aliyemwinamishia paka chombo cha maji yake ya udhu akanywa. Lakini mkojo wake ni najisi, na katika safari ya usiku mzima atakojoa. Sakafu ya plastiki isiyovuja inalinda buibui na kanzu. Mfuko wa kitambaa uliowekwa mapajani haulindi kitu.

Mfuko wa kitambaa wenye neti na zipu ni mwepesi, unaingia chini ya kiti. Unafaa kwa kitoto, au kwa paka mpole asiyezidi kilo nne hivi, kwa mwendo mfupi wa kwenda kwa daktari. Shume usimtie humo. Atapasua neti kwa makucha, au atasukuma zipu kwa kichwa mpaka ifunguke. Ukilazimika kuutumia, funga vichwa vya zipu pamoja kwa waya.

Tundu la waya linapitisha hewa vizuri, na kwa joto la Mombasa ni zuri. Shida yake ni mbili: kucha hunasa, na paka anaona kila kitu, jambo linalomzidishia hofu. Weka ubao au zulia gumu chini, na ulifunike kwa leso, ukiacha upande mmoja wazi.

Kwa asiye na uwezo wa kununua, kuna njia. Chukua kreti mbili za plastiki za sokoni, zile za nyanya, uzifunike moja juu ya nyingine na kuzifunga kwa waya pembe zote nne. Pima kimo kwanza, na uhakikishe matundu hayapitishi kichwa. Kapu la ukindu lenye mfuniko wa kufungwa nalo linamfaa paka mdogo mtulivu kwa mwendo mfupi. Gunia, kiroba na pakacha, hapana. Na katoni, nimeshawaeleza.

Halafu kanuni moja isiyo na mjadala: paka mzima mmoja, kisanduku kimoja. Hata kama wamezaliwa tumbo moja na wanalala mkeka mmoja, hofu huwageuza. Vitoto vya mama mmoja ndivyo vinavyoweza kukaa pamoja.

Kutoka joto kuingia baridi

Mombasa mpaka Eldoret ni kama kilomita 800, na paka anatoka usawa wa bahari mpaka mita 2,100 hivi. Njiani kuna Timboroa, takriban mita 2,700 juu, ambako hata mimi hujifunika shuka. Paka aliyezaliwa Mji wa Kale hajui nyuzijoto 10, na huku usiku ndio kawaida.

Kwa hiyo kisanduku kiandaliwe kwa hali mbili. Chini tandika karatasi za gazeti kwa ajili ya mkojo, juu yake taulo. Kutoka Mombasa kiache wazi kwa hewa. Ukipita Nakuru, kifunike pande tatu kwa blanketi jepesi. Usizibe matundu yote. Paka akihema mdomo wazi kama mbwa, ana joto au ana hofu kubwa. Mpatie hewa mara moja.

Kabla ya safari, kiache kisanduku wazi sebuleni wiki mbili. Mtilie dagaa ndani, aingie na kutoka apendavyo. Paka anayelala ndani ya kisanduku chake nyumbani hakioni kuwa jela njiani. Siku ya kuondoka, paka mzima asile saa nne au tano kabla. Kitoto mpe kidogo. Usimpe dawa ya binadamu ili alale. Panadol, ambayo kwetu ni kitu cha kawaida, inamuua paka. Kama anahitaji dawa, daktari wa mifugo ndiye wa kusema. Chukua na kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa, kwani paka naye huambukizwa na huambukiza.

Na la mwisho, uliza kabla ya kukata tiketi: je, kisanduku kitakaa nami? Wakisema buti, tafuta gari jingine, au kodini gari dogo watu watatu mchangie. Kwenye buti kuna giza, moshi na mabegi yanayoanguka. Mimi niliambiwa nikanyamaza, kwa kuwa nilikuwa nimechoka na nilitaka kufika.

Kipusa yupo. Sikio lake lilipona likabaki na pengo. Mwaka jana tulikwenda naye Mombasa kwa Idd na kurudi, yeye kwenye kisanduku chake cha sentimita 48, miguuni pangu. Alilala kutoka Mtito Andei mpaka Nairobi.

Kando yake, chini ya meza ya mama, kuna kisanduku kingine kikubwa cha sentimita 60 ambacho hakijawahi kutumika. Nilikinunua mwezi ule ule tuliompoteza Sultani, na kwa miezi kadhaa nikawa nakwenda nacho kila nipitapo Nakuru. Jamaa yangu wa Kibokoni, usinunue cha shume wako. Nitakuletea hicho. Mama ameshakubali.