Ruta Mbili na Saa Moja

Tetu, huko Nyeri, ni nchi ya migongo na mabonde. Mito inayoshuka kutoka milima ya Nyandarua imeichonga ardhi hivi kwamba mtu huona moshi wa jiko la jirani ng'ambo ya bonde, ila kumfikia kwa barabara ni safari. Mahali kama hapa, kuunganisha ofisi mbili huweza kuwa kazi ya ncha mbili tu: antena huku, antena kule, na katikati bonde. Kijana wa Wamagana au Ihururu anayesomea mitandao, awe katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi nje ya mji wa Nyeri au katika chuo kidogo zaidi, anahitaji kukielewa kiungo cha ncha mbili hadi kwenye mizizi. Nashikilia kwamba zoezi la kumfikisha huko ni lile ambalo wengi wangependa lifutwe: kuunganisha ruta mbili kwa kebo ya siriali.

Kebo hiyo hupitisha biti moja baada ya nyingine, foleni moja, kwa hiyo anayepokea lazima ajue biti hii inaishia wapi na ile inaanzia wapi. Ndiyo maana upande mmoja hupiga saa na mwingine hufuata. Mpigaji huitwa DCE, mfuataji DTE. Katika laini halisi ya kukodi, saa hutoka kwa kampuni ya simu. Maabarani kampuni haipo, basi ruta mojawapo hushika nafasi yake, na ncha ya kebo iliyochomekwa ndiyo inayoamua ni ipi. Mwanafunzi huuliza kwanza mlango wake uko upande gani, kisha huandika kasi ya saa, aghalabu biti 64000 kwa sekunde. Tarakimu hiyo haikuokotwa njiani. Sauti katika simu ya kidijitali hupimwa mara 8000 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 8; zidisha, utapata 64000, yaani nafasi ya sauti moja kwenye waya. Nafasi 32 za namna hiyo hufanya laini ya E1 yenye kilobiti 2048 kwa sekunde. Hivyo amri moja fupi inambebea mwanafunzi historia nzima ya simu, iwapo mwalimu atasimama kuieleza.

Faida kubwa zaidi huja kiungo kinapokataa. Skrini ikisema mlango umefungwa kwa amri, kosa ni la aliyesahau kuufungua. Ikisema mlango na itifaki vyote viko chini, tazama kebo, au mlango wa mwenzako. Lakini mlango ukiwa juu na itifaki chini, waya huenda ni mzima na tatizo ni maelewano: pengine saa haipigwi, pengine ruta moja inafunga data kwa HDLC ya Cisco na nyingine kwa PPP. Kila ruta, ikitazamwa peke yake, haina kosa.

Wapinzani wana hoja nzito. Mtihani wa CCNA wa Cisco ulipobadilishwa Februari 2020, PPP iliachwa nje. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, na tangu hapo faiba imeendelea kupanda bara. Mbona kijana afundishwe laini inayokufa? Nakubali kwamba hataajiriwa kuitunza. Ila saa haikufa, imefichwa: kwenye Etheneti mpokeaji huichota ndani ya mawimbi yenyewe, na minara ya simu hadi leo hulazimika kwenda na wakati mmoja. Kifaa kinachojipanga chenyewe hakimfundishi mtu kilichopangwa, na siku kikishindwa, fundi hubaki kuzima na kuwasha.

Wengine hulalamikia gharama. Hilo lina jibu, kwa kuwa Packet Tracer, programu ya Cisco ya kuigiza mitandao, ni ya bure na ina kebo hizi. Haitamwonyesha mwanafunzi plagi iliyolegea, kwa hiyo chuo chenye ruta kuukuu kisizitupe. Wala zoezi halihitaji muhula mzima. Vipindi viwili vinatosha. Cha kwanza, jenga kiungo kwa anwani za /30, ambazo ni nne na mbili tu ndizo za ruta. Cha pili, mwalimu aharibu kitu kimoja kwa siri, na mwanafunzi aseme ni ncha ipi yenye kasoro, na kwa nini, kabla hajagusa kibodi.