Maboksi Yamejaa Ndani? Msichome, Yalazeni Bustanini!

Mmehamia nyumba mpya, mambo yanaanza kunyooka. Ila kila kona ni maboksi: la TV, la feni, la viatu. Bado magazeti, karatasi za ofisini na mifuko ya kaki iliyoongezeka baada ya ile ya plastiki kupigwa marufuku Juni 1, 2019. Mmoja anasema "acha, litatufaa", mwenzie keshashika kiberiti. Ugomvi unaanzia hapo, na moshi wake anauvuta mtoto.

Kiwanda kikubwa cha karatasi kiko Mgololo, Mufindi. Ukilisafirisha boksi lako toka Mbinga hadi huko, nauli itazidi thamani yake. Dawa iko uani kwenu.

Jibu la Wamatengo

Milima ya Mbinga inajulikana kwa ngoro. Nyasi hukatwa na kulazwa kwa miraba, kisha udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kuzifunika. Zikioza zinakuwa mbolea, na shimo linalobaki hukamata maji ya mvua yasiteremke na udongo. Boksi nalo limetokana na mti. Lifukie, litaoza kama nyasi.

Kwa desturi mwanaume hukata nyasi na kuzilaza, mwanamke hufukia na kupanda. Kazi ya wawili! Sasa kaka, inakuwaje taka za nyumbani zote umwachie mama watoto?

Fanyeni hivi

- Bandueni selotepu, ng'oeni pini.
- Lowekeni boksi, lipasueni, lilazeni juu ya tuta, vipande vipandane.
- Wekeni maganda ya ndizi, mabaki ya mboga au samadi. Msiruke hatua hii: boksi likifukiwa peke yake, linapooza hunyang'anya mimea chakula na mboga zinageuka njano.
- Funikeni kwa udongo, mwagilieni.

Mnaoishi Mbamba Bay, kwenye mchanga wa ziwani unaokauka upesi, mtafaidi zaidi: boksi lililolowa hutunza maji chini ya mchicha.

Angalieni haya

Mchwa wanapenda maboksi kupita kiasi, kwa hiyo kaeni mbali na ukuta wa nyumba na mashina ya miche ya kahawa. Risiti za mashine zina kemikali, zisiingie bustanini. Boksi la juisi lina plastiki na foili ndani, nalo liacheni. Na kurasa zinazong'aa kama hizi? Mpe shosti naye asome!

Karatasi za mshahara na za benki zisiishie kufungia karanga sokoni, mtaa mzima ukajua mnaingiza kiasi gani. Zichaneni, zilowekeni mpaka zirojeke, kisha fukieni. Siri za ndani zibaki ndani.

Jumamosi hii msinuniane. Mmoja akate, mwingine afukie, na mboga ya kwanza mwile wote.