Oda yafika kwa dakika Nunguni, pesa zingali njiani

Fundi wa jua kali wa Nunguni siku hizi haanzi kazi kwa futi, anaanza kwa simu. Picha ya geti inaingia kwa WhatsApp kutoka kwa mteja aliye Nairobi, arbuni inafuata kwa M-Pesa, vyuma vinaagizwa papo hapo. Maseremala nao hutuma vipimo vya kabati mjini, bodi zikakatwa kwa mashine ya kompyuta na kupandishwa vilima vya Kilungu zikiwa tayari kuunganishwa.

Faida haina ubishi. Mwenye karakana hafungii tena mtaji kwenye rundo la vyuma vinavyoshika kutu. Ananunua cha oda iliyo mkononi, mtindo ambao viwanda vya Japani vilijijengea jina nao. Mteja akibadilisha nia kabla vyuma havijakatwa, hasara ni ndogo.

Lakini seremala mmoja anayetengeneza madawati ya shule ana hesabu yake. Tangu ankara za mfumo wa kodi wa eTIMS ziwe lazima, asema, huzitoa kwa simu akiwa amesimama kando ya randa, na mtoza ushuru huziona mara moja. Shule, nayo, hulipa ikipata mgao wa serikali, na mgao una kalenda yake. Muhula unaisha, mwingine unaanza, dawati limeshachongwa majina ya wanafunzi, naye bado anadai. Muuza mbao hapokei ankara, anataka pesa. Zile siku alizookoa kwa simu zinaliwa zote na kungoja. Kinachomuuma zaidi ni kwamba mfumo uliojua dakika ile ile kuwa ameuza haujui hadi leo kuwa hajalipwa.

Afisa mmoja anayefuatilia mipango ya kidijitali anajibu kwa malengo ya serikali: kilomita 100,000 za faiba, vituo 25,000 vya Wi-Fi ya umma, na kituo cha kidijitali katika kila mojawapo ya wadi 1,450 nchini. Ni tarakimu nono. Hata hivyo, faiba haichomelei geti stima ikipotea, wala haiharakishi hundi.

Huenda kasi ikazidi kuwanufaisha wanaouzia watu binafsi, maana hao hutanguliza arbuni. Kwa wanaotegemea taasisi, mambo hayajulikani. Seremala wetu ameshaanza kupunguza madawati na kuchukua makabati zaidi.