Je, Wajua? Kumwajiri asiye na kibali hakukuwa kosa

Hadi 1986, sheria ya shirikisho ya Marekani ilimwadhibu aliyemficha mhamiaji asiye na kibali, lakini si aliyemwajiri. Sheria ya 1952 ilisema waziwazi: kumpa kazi si kumficha. Kifungu hicho kilipewa jina la Texas, kwani wakulima wakubwa wa huko ndio waliokitaka.

Tarehe 6 Novemba 1986, Rais Ronald Reagan alitia saini sheria mpya iliyokataza kumwajiri mhamiaji kama huyo. Faini ya kosa la kwanza ilianzia dola 250 kwa kila mfanyakazi. Dola 250 tu! Tena lazima ithibitike kuwa mwajiri alijua mfanyakazi hana kibali. Hati bandia ya mfanyakazi ikifanana na halali, mwajiri husalimika. Lakini mfanyakazi anaweza kufukuzwa nchini.

Sheria hiyohiyo iliwapa takriban watu milioni 2.7 ukaazi halali.